Gunia Lililofungwa Halina Hesabu

Asalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa nizungumze na vijana wa Wete juu ya kuahirisha mambo, na karatasi hii nimeimaliza leo baada ya Adhuhuri. Basi mnajua mnamsikiliza nani.

Methali sitawapa, mnazo. Tena lugha yetu karimu: ukitaka kufanya leo ipo "ngoja ngoja huumiza matumbo", ukitaka kulala ipo "haraka haraka haina baraka". Kila mvivu ana wakili wake.

Nitawapa karafuu. Mwaka mmoja nilirudi shamba jioni na magunia matatu ya karafuu mbichi. Mpemba yeyote anajua, hizo huchambuliwa usiku uleule. Unashika kishada, unakisokota juu ya kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, asubuhi zinakwenda jamvini. Mke wangu akanitazama. Nikamwambia nimechoka, tutachambua kesho. Halafu nikakaa barazani na simu mpaka saa sita usiku.

Asubuhi nikatia mkono ndani ya gunia. Moto, kama tumbo la mtoto mwenye homa. Zimeshavunda. Zilipokauka zilikuwa zimepauka, na kituoni zinakouzwa zikashuka daraja.

Kwa muda mrefu nikajiita mvivu. Lakini mvivu hashindi juu ya mkarafuu tangu asubuhi. Nilichokikimbia si kuchambua. Nilikuwa na deni la duka, nikijua nikishazichambua na kuzianika nitazipima, na nikizipima nitaona hazifiki. Gunia lililofungwa halina hesabu.

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika jambo hilihili mwaka 2013: anayeahirisha huwa anautuliza moyo wake wa sasa hivi, gharama anamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Sasa ukimpigia kijana kelele "mvivu wee", unamzidishia kilekile anachokikimbia. Wazee wangu mnisamehe, najua wengine ndio mlionialika.

Tazameni Ramadhani. Kijana aliyeshindwa kuamka alfajiri miezi kumi na moja anaamka kula daku. Imani, ndiyo, lakini pia nyumba nzima i macho, sufuria zinagongana, jirani anapiga hodi. Ramadhani ikiisha, ikiingia Mfunguo Mosi, tunamlaumu kwa kukosa nia. Nia ni ileile, sufuria ndizo zilizonyamaza.

Kwa hiyo jambo lako lifunge kwenye kitu ambacho kinatokea tu, utake usitake. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, amelichunguza hili miaka mingi: anayesema "likitokea hili, palepale nitafanya lile" hutimiza zaidi kuliko anayesema "nitajitahidi". Na sisi tuna adhana mara tano kwa siku! "Nikitoka msikitini laasiri, kabla sijakaa barazani, nitafungua daftari." Kufungua tu, ukurasa mmoja. Simu muachie mama chumbani. Na "inshallah" tusiifanye mlango wa uani. Ni neno la mwenye nia, ila siku hizi fundi akikujibu "inshallah" unajua kiti hukipati.

Kuhusu kuacha tabia mbaya nitapita haraka, dawa ni hiyohiyo: ondoa kinachoiita. Ukitaka kupunguza sigara, usipite kila jioni penye wale wanaokuwashia.

Mtasikia watu wakisema siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96. Wastani ulitoka siku 66. Wa haraka 18, na wa mwisho walikadiriwa 254. Tena wakaona kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hapo ndipo nilipopapenda, maana sisi tukikosa Jumamosi tunaifuta wiki nzima.

Kuna swali? Ndiyo, mama, hapo nyuma... Lile deni? Nililipa, mama, msimu uliofuata. Mwenye duka yule pale mstari wa pili, anacheka.