Jiko la matofali linalotunza joto usiku kucha: tujenge pamoja hapa Bukavu

Jambo ndugu zangu, bamama na bapapa, karibuni Bagira kwa dada yangu. Mwezi uliopita watoto wake walilala na mbabula, lile jiko la makaa, chumbani, mlango umefungwa. Waliamka wanatapika, vichwa vinawauma. Ile hewa ya makaa haina harufu na inaua. Ndiyo maana leo namjengea jiko la kupasha nyumba, lenye dohani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1767, Waswidi Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walibuni jiko lenye njia ndefu za moshi, maana kuni zilikuwa zinaadimika kwao. Unawasha moto mkali kwa muda mfupi, moshi unazunguka ndani ya matofali ukiyaachia joto, kisha matofali yanalitoa polepole.

Tuanze na msingi. Jiko hili litapita tani moja, kwa hiyo nimemwaga zege la sentimita 20 juu ya ardhi ngumu. Nyumba yako ikiwa kwenye mteremko unaoporomoka, au ni ya mbao, tafadhali usilijenge.

Sogeeni muone udongo, hapa ndipo wengi wanakosea. Karibu na moto hatutumii simenti, itapasuka. Chukua udongo wa mfinyanzi, uloweke siku mbili, uchuje mawe, uchanganye na mchanga uliochekechwa. Mimi naanza na ndoo moja ya udongo kwa mbili za mchanga, halafu najaribu. Nafinyanga kitonge, nakiacha kikauke kivulini. Hiki hapa kina nyufa kama kisigino kikavu: udongo umezidi. Hiki kinamomonyoka nikikisugua kwa kidole: mchanga umezidi. Cha tatu kimekaa kizima, huo ndio mchanganyiko wetu. Loweka kila tofali kabla ya kulipanga, na udongo wa katikati uwe mwembamba, milimita 3 hadi 5.

Chumba cha moto kijengwe kwa matofali ya tanuru, yanayostahimili moto mkali. Moshi unapanda hadi juu kabisa, unagonga paa la jiko, unashuka kwa njia mbili za pembeni, unakutana chini na kuingia kwenye dohani. Chini ya kila njia acha kidirisha cha kuondolea majivu na masizi. Msisahau, la sivyo mtavunja ukuta siku moja!

Ukuta wa nje ni matofali ya kawaida yaliyochomwa vizuri. Kati yake na wa ndani weka kartoni, ibaki nafasi ya sentimita 1, maana wa ndani unatanuka ukipata moto. Dohani ipite kilele cha paa, na mbao za paa zikae mbali nayo.

Sasa subira. Acha likauke wiki nne. Kisha washa moto wa vijiti tu, kila siku ukiongeza kidogo, kwa wiki nzima. Mvuke uliobaki ndani ukikurupushwa utapasua kazi yako yote.

Wiki hizo tano zimepita, sasa kupasha kwenyewe: pasua kuni za mkaratusi ziwe nene kama kifundo cha mkono, zikauke miezi kadhaa. Gonga mbili pamoja: zikilia kwa sauti kali, ziko tayari. Panga zote mara moja, washa kutoka juu, acha hewa iingie kwa wingi. Usiubane moto ili udumu. Moto uliobanwa unatoa moshi na masizi tu.

Baada ya saa moja na nusu hivi, miali imeisha. Usikimbilie kufunga bamba la dohani, kile kibati kinachoziba njia ya moshi! Angalieni hapa chini ya majivu: nikichokoa, bado kuna wekundu. Nangoja. Bamba lenyewe nimelitoboa tundu, hewa mbaya isikose pa kutokea hata mtu akikosea. Sasa nachokoa tena, yote ni kijivu. Nafunga. Dada, leta kiganja, gusa ukuta huu upande wa chumba cha watoto.