Mita Chache, Laini Ndefu: Tuzifunge Wapi?

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wanafunzi mliotoka Lindi na Masasi, asanteni kwa kufika hapa Mtwara.

Umeme wetu husafiri mbali. Gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme hapa mjini, sehemu yake inapandishwa hadi kilovoti 132 kwenda kituo cha kupoza umeme cha Mahumbika, Lindi, kisha laini za kilovoti 33 zinaambaa vijijini hadi kwenye transfoma inayoushusha kuwa volti 400, na 230 kwa mteja wa kawaida. Kituoni tunapima. Kwa mteja kuna LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Hapo katikati ndipo mara nyingi hatuoni kitu, na ndipo umeme unapopotea.

Sasa tuseme umepewa mita kumi za kupimia umeme, na laini inayokwenda Newala kupitia Tandahimba. Wengi wetu tungezifunga karibu na barabara, gari lifike kirahisi. Mimi nasema mita ifungwe pale ambapo usomaji wake hauwezi kukisiwa kutoka kwenye mita nyingine.

Chukueni mahali laini inapogawanyika. Ukipima shina na tawi moja, tawi la pili unalipata kwa kutoa. Mita ya tatu hapo itasaidia kuhakiki zile mbili, lakini haikuambii jipya. Ipeleke mwisho wa laini ikapime volteji. Huko mteja anayepaswa kupata volti 230 anaweza kuwa anapata 190: taa zinafifia, friji inanguruma bila kuwaka, na sisi kituoni tunaona kila kitu kiko sawa.

Ukifika kwenye transfoma, nawaomba sana mpime kila fezi, yaani kila mmoja wa waya tatu zinazobeba umeme (nyekundu, njano na buluu), peke yake. Transfoma yenye uwezo wa kVA (kilovolti-ampea) 100 inabeba takriban ampea 144 kwa kila fezi. Tuseme nyekundu inavuta 150, njano 60, buluu 45. Ukijumlisha utaambiwa mzigo ni kama asilimia 59 tu, na utaondoka umeridhika, kumbe fezi moja imezidiwa. Tena upotevu kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unakuwa mara nne. Kuhamisha nyumba chache kutoka nyekundu kwenda buluu hakuhitaji waya mpya wa laini kubwa, lakini hutajua uhamishe zipi kama hukupima.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini tusijumlishe LUKU za kijiji tukalinganisha na mita ya transfoma? Tulinganishe, ndiyo, ila kwa uangalifu. Rekodi ya mauzo ya LUKU inaonyesha uniti zilizonunuliwa, si zilizotumika. Mkulima aliyelipwa korosho zake anaweza kununua uniti za miezi mitatu kwa mkupuo. Ukilinganisha mwezi huo peke yake, utaona mauzo yamezidi umeme uliopita. Mwezi unaofuata hatanunua kitu, mauzo yatapungua kuliko umeme uliopita, nawe utamshuku jirani yake kuwa anaiba. Linganisha msimu mzima ndipo useme. Kumtuhumu mtu wizi kwa hesabu ya mwezi mmoja ni dhuluma.

Kwa hiyo, kwa zile kumi, ningeanza na mwanzo wa laini, kisha matawi makubwa, ncha mbili zilizo mbali zaidi, na transfoma tunazozitilia shaka. Moja ningeibakiza bila kuifunga mahali pa kudumu. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, iende kwenye tawi lenye viwanda vya kubangulia. Msimu ukiisha ihamie kwenye mashine za kusaga.

Na kabla hamjapanda nguzoni, wekeni saa za mita zote zilingane. Kutoa usomaji wa saa moja jioni kwenye usomaji wa saa mbili usiku kutawapa upotevu ambao haupo, hasa saa hizo ambapo kila nyumba inawasha taa.

Karibuni kwa maswali.