Ugumu wa Saruji Ndio Ubaya Wake: mhadhara kuhusu madaraja ya mawe, Kisumu

Ndugu mafundi, wahandisi wa kaunti, daraja la mawe likianza kuvuja, cha kwanza kufika pale ni mfuko wa saruji. Fundi anajaza viungo, ile mianya kati ya jiwe na jiwe, daraja linang'aa, picha inapigwa, mkandarasi analipwa. Masika mawili matatu yakipita, nyuso za mawe zinabanduka kama maganda ya muhogo, na ile saruji imebaki imetokeza kama mbavu za punda.

Kwa nini? Jiwe hunywa maji. Daraja lililojengwa kwa chokaa hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa kiangazi, na huyatolea kwenye viungo, kwa kuwa chokaa ni laini na ina vitundu. Ukiviziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea ila kupitia jiwe lenyewe. Yanabeba chumvi, chumvi inaganda chini ya ngozi ya jiwe, ngozi inaruka. Tena tao, ule upinde wa daraja, halitulii: jua hulitanua, lori hulibonyeza. Chokaa huvumilia misogeo hiyo. Saruji inapasuka, au inalipasua jiwe.

"Lakini saruji ni ngumu zaidi!" Najua. Huo ugumu ndio ubaya wake. Kiungo kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe, ili kikichakaa tukibadilishe kiungo, jiwe libaki. Na anayedhani mawe hayasimami bila gundi, apande gari aende Migori, kwenye boma la kale la mawe la Thimlich Ohinga. Kuta zile zinakwenda juu kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wa mita 1 hivi, na hazina hata mwiko mmoja wa chokaa. Safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa kuzikaza. Zimesimama tangu karne ya 16 hivi. UNESCO imeziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Huko, tafadhali, msipeleke hata hiyo chokaa ninayoisifu.

Sasa kazi yenyewe. Kiungo kibovu kinachokolewa kwa nyundo na patasi nyembamba. Si grinda; grinda haijui kiungo kinaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Toa vumbi, lowesha. Chokaa wanachoma Koru, humu humu kaunti ya Kisumu, kwa hiyo umbali si kisingizio. Ikitoka tanurini, itie chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka machoni. Ikae chini ya maji angalau miezi 3. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga mkali, wenye chembe za kona kona, uliooshwa, shindilia kwa tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima au zaidi. Wengi huharibikiwa hapa. Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya kaboni dioksidi ya hewani, na jua la Kisumu likiikausha kwa mchana mmoja inageuka unga. Ndipo mwenye haraka anasema tuongeze "saruji kidogo tu". Mmerudi kwenye mfuko.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mafuriko, basi, mbio mbio: maji huliangusha daraja zaidi kwa kuchimba chini ya nguzo kuliko kwa kulisukuma. Mto ukipungua, pimeni kina kwenye misingi, mlinganishe na kipimo cha mwaka uliopita. Mkuyu ukiota kwenye tao msiung'oe, mzizi utatoka na mawe. Ukateni, kisiki kife kwanza. Lami juu ya lami ni mzigo, na huziba matundu ya kutolea maji. Hilo peke yake lingetosha mhadhara mwingine.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kwenye Gazeti Rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Ombeni, lakini msingojee tangazo ndipo mwanze kupima. Pigeni picha kila upande, chukueni upana na kimo cha tao, na kila jiwe lililolegea lipewe namba pichani na kwa rangi upande wake usioonekana. Yakishateremshwa chini, hakuna atakayejua lipi lilikaa wapi.