Gari Dogo la Zamani Likigoma Kuwaka: Pima Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Wanyamwezi wenzangu, mwangaluka.

Nikitazama magari mliyoegesha chini ya miembe pale nje, karibu yote nayajua: Starlet, Corolla za miaka ya 1990, Vitz za mwanzo zilizotoka mwaka 1999. Ni magari mazuri. Yanavumilia vumbi letu la kiangazi, yanakwenda Urambo na kurudi, na spea zake zinapatikana. Kinachoniuma ni kuona mtu amenunua betri, wiki inayofuata akanunua stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, mwisho akaambiwa pampu ya mafuta, na gari bado halijawaka. Kumbe ni waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, ulioshika kutu. Hela ile ilikuwa ada ya mtoto. Ndiyo maana leo nazungumzia kupima kabla ya kununua.

Swali la kwanza unajiuliza ukiwa bado umekaa kwenye kiti: ukizungusha ufunguo, stata inazungusha injini au haizungushi? Sote tunasema "gari haliwaki", lakini hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kama haizungushi, sikiliza. Ikilia ta-ta-ta-ta haraka haraka na taa za dashibodi zikafifia, umeme hautoshi: betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota unga. Ikilia tak moja tu halafu kimya, na taa bado zina nguvu, shuku stata yenyewe. Kwenye stata nyingi za Toyota kuna vipande vya shaba vinavyoliwa ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya stata. Hivyo hubadilishwa peke yake, msikubali kuuziwa stata nzima kabla havijatazamwa. Isipolia kabisa na gari ni la otomatiki, toa P weka N, jaribu tena. Swichi ya gia nayo huchoka.

Sasa nunueni multimita, mita ya kupimia umeme. Ya bei ndogo inatosha. Betri iliyolala usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Gari likishawaka, isome tena: 13.8 hadi 14.4 maana yake alteneta inachaji. Ukikuta 12.3 huku injini inanguruma, betri mpya itakufa kama ile ya zamani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na sijui kwa nini mafundi wengi hukiruka, ni cha athi. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Waya mweusi wa mita uguse nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe, siyo kichwa kilichoifunga. Waya mwekundu uguse chuma safi cha injini. Mwambie mtu apige stata, wewe kaza macho kwenye mita. Ikisoma 0.2 hivi, athi ni nzima. Ikisoma volti nzima au zaidi, umeme unapotelea njiani. Fungua boliti ya waya huo, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Wakati wa kufungua betri anza na hasi, na wakati wa kufunga hasi iwe ya mwisho, ili spana isije ikapiga shoti kwenye bodi.

Haya, stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja mlaini usiopanda wala kushuka, acha hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, umekatika. Vinginevyo, chomoa plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta moto, yaani cheche. Ikiwa kavu, tafuta mafuta: relei, pampu, filta, na uulize kama juzi ulijaza ya kwenye dumu barabarani, maana maji humo ni kawaida. Kuona moto, ichomeke plagi kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini mbali na tundu ulilochomoa, mtu apige stata. Usiishike kwa mkono. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri, ya njano iliyofifia haitoshi.

Wenye Toyota za miaka ya 1990, chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kupiga stata, tazama taa ya injini. Ikimeta mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haijahifadhi kosa. Ikimeta mara moja, ikatulia, ikameta mara nne, hiyo ni 14: taarifa ya moto haitoki kwenye ignaita, kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili. Namba 12 au 13 inahusu alama ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distributa, ile inayogawa moto kwa plagi. Hakuna mashine ya kulipia hapo.

Ugonjwa unaowatesa watu wa safari ni huu: gari linakwenda vizuri, karibu na Kaliua linazima, linasubiri nusu saa, linawaka kama halijaugua. Ukilifikisha gereji fundi haoni kitu, kwa sababu limepoa. Koili inayozalisha moto wa plagi, ignaita na pikapu (sensa) ya distributa hukatika zikipata joto na hurudi zikipoa. Kwa hiyo kipimo kifanyike palepale barabarani, likiwa limezima. Beba plagi moja ya akiba na spana yake. Kama lina mshale wa RPM, utazame wakati linazima huku bado liko kwenye gia: ukianguka sifuri ghafla wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, ni moto uliokatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, fikiria mafuta. Fungua pia mfuniko wa tangi. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.

Linalozima kwenye taa za barabarani tu, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikishuka, mara nyingi ni masizi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, na kwenye vali ya sailensa. Isafishwe. Kupandisha skrubu ya sailensa ni kuficha ugonjwa.

Mama aliyekaa mbele ameuliza: fundi alimtolea thermostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, kwa kuwa Tabora kuna joto, na sasa gari linakula mafuta na asubuhi linawaka kwa shida. Mama, irudishe. Inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi ili injini ifike joto lake na kubaki hapo. Bila hiyo, injini inachelewa kupata joto, sensa ya maji inaiambia kompyuta kwamba bado ni baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli nyingi. Plagi zinakuwa nyeusi, na plagi nyeusi ndizo zinazokusumbua asubuhi. Kama lilikuwa linachemka kabla ya kuitoa, basi rejeta, feni na mfuniko wa rejeta vipimwe wiki hiyo hiyo inaporudishwa.