Mwulizeni Msanii Kazi Yake, Siasa Itajitokeza

Ndugu zangu mnaowahoji wasanii, kuna swali moja linaloua mahojiano mengi: "Nini nafasi ya msanii katika siasa?" Mwandishi aliyezoea kuhojiwa ana jibu la swali hilo mfukoni, na ni lile lile alilompa mwenzako mwaka jana. Atasema msanii ni kioo cha jamii, dakika nne zitakwisha, nawe hutapata sentensi hata moja ya kuchapa. Msanii si msemaji wa chama. Siasa yake imo katika maamuzi aliyoyafanya ndani ya kazi, basi mfuateni huko.

Chukueni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyotoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya Ujamaa Tanzania. Kuuliza kama tamthilia hiyo inaunga mkono Ujamaa ni kutaka ndiyo au hapana. Lakini mwishoni Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani, na anakataa kutamka kwamba maji yake, yale yaliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, yalikuwa uongo. Kwa nini akatae, ilhali risasi zimekwisha kuua watu? Hapo imani ya umma, uongozi na gharama ya ukweli vinaingia vyenyewe, bila ya wewe kulitaja neno siasa.

Mafumbo ndiyo yanayohitaji adabu zaidi. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni "Mamba". Sasa, anayemuuliza mshairi "mamba ni nani?" anamtaka afanye kazi ya mwendesha mashtaka. Muulize kwa nini mamba na si simba. Mnyama wa majini anampa nini ambacho wa nchi kavu hampi? Muulize pia kama vina vilimbana hata akasema zaidi, au pungufu, ya alivyokusudia. Mshairi atakujibu kwa raha, na msomaji atamtambua mamba mwenyewe.

Maandalizi: someni angalau kazi mbili nzima, moja ya zamani na moja mpya, mtie alama mahali mwandishi alipobadilika. Andikeni maswali 15 mkijua mtatumia saba au manane. Kila swali libebe jambo moja tu, maana ukiyafunga matatu pamoja, atajibu lililo rahisi na mengine yatapotea. Swali zito liwekeni katikati. Likija mwanzoni anajifunga. Likija mwishoni ameshaangalia saa. Akinyamaza, nyamazeni nanyi, mhesabu hata tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Wengi wetu tunaogopa ukimya, na ni hasara, kwa kuwa jibu la pili, lile ambalo hajalizoea, hutoka hapo.

Rekodini kwa vifaa viwili. Simu iwe kwenye hali ya ndege, kwani simu ikipigwa inaweza kukatiza rekodi. Iwekeni kama sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Juu ya meza tupu kila kikombe kinachotuliwa kitasikika kama nyundo. Feni izimwe.

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno. Kupunguza marudio ni ruksa. Kulihamishia jibu chini ya swali ambalo hakuulizwa ni udanganyifu, hata kama linasomeka vizuri. Kubalianeni kabla ya kuanza kama atayaona maandishi, na atayagusa kwa kiasi gani: arekebishe majina, tarehe na lile linaloweza kumhatarisha, lakini asiandike upya majibu yote yakawa hotuba. Akiondoa jibu, ondoeni na swali lake.

Na msimfikirie yeye peke yake. Mara nyingi humtaja mtu wa tatu, labda aliyeuficha muswada wa kitabu chake au aliyeuchapa usiku, ambaye hakuombwa ruhusa na huenda bado ana kazi ya kuilinda. Jina hilo lifuteni kwenye maandishi, kisha mrudi kwenye sauti mkalikate na huko. Wengi hulisahau hili la pili, wakaweka rekodi nzima hadharani chini ya makala iliyosafishwa.