Kitenge cha Mama Mkwe

CLARISSE: Tuko hewani. Ilunga, leo umekuja na jani mkononi?

ILUNGA: Ndiyo, yaya. La dieffenbachia, lile ua la chungu la sebuleni kwetu. Juzi baridi ilituchapa usiku kucha. Asubuhi nakuta jani liko hivi. Ukingo mweusi, katikati limelegea kama mboga iliyochemshwa.

CLARISSE: Lilikuwa linagusa kioo cha dirisha.

ILUNGA: Umejuaje? Majani ya upande wa ndani ni mazima.

CLARISSE: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Julai tunashuka chini ya nyuzi 10, na kioo kinapoa kuliko chumba. Ua hilo asili yake ni misitu ya joto ya Amerika. Chini ya nyuzi 13 hivi linaanza kuumia.

ILUNGA: Sasa ngoja. Mama mkwe yuko kwetu. Aliliangalia jani, akanyamaza. Usiku akatoa kitenge chake cha misa, akafunika ua zima, akalifunga fundo chini kwenye chungu.

CLARISSE: Cha misa!

ILUNGA: Kile cha bluu. Wageni wanaingia, wanasalimia: «Mama, hamujambo.» Wanasalimia ua!

CLARISSE: (anacheka) Mpe pole yangu. Lakini kitenge hakipashi ua joto, Ilunga. Wewe ukijifunika, joto linatoka mwilini mwako. Ua halina joto lake.

ILUNGA: Udongo je? Umeshika joto la mchana. Na ule upepo wa chini ya mlango, nani anauzuia?

CLARISSE: Sogeza chungu mbali na dirisha, vuta pazia. Basi.

ILUNGA: Sebule yetu unaijua. Ukisogeza, unakalia kiti cha mama mkwe.

CLARISSE: Na unyevu? Ua linapumua mle usiku kucha, majani yanalowa, hewa haitembei. Hapo kuvu ya kijivu inaingia.

ILUNGA: Anakitoa saa moja asubuhi. Na tangu aanze, hakuna jani jingine lililoharibika.

CLARISSE: Kwa sababu baridi yenyewe imepungua!

ILUNGA: Kwa sababu ya kitenge.

CLARISSE: Sikubali.

ILUNGA: Na miye sikubali, yaya. Jirani alitushauri tuingize mbabula, jiko la makaa.

CLARISSE: Hapana! Hapo sitanii hata kidogo. Hewa ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu, huisikii harufu wala huioni. Mbabula ibaki nje.

ILUNGA: Mama mkwe alisema vilevile, ndipo akaenda kutafuta kitenge.

CLARISSE: Hapo namheshimu. Mchana fungueni dirisha: saa sita, saa saba, nje jua linafika karibu nyuzi 25. Dakika kumi na tano, hewa ibadilike, lakini upepo usipige ua moja kwa moja. Jua kabla halijazama, fungeni.

ILUNGA: Halafu kitenge.

CLARISSE: Halafu pazia! Eh, fundi wa sauti ananionyesha saa. Tuliandika tuzungumzie maji, vumbi na mbolea, hatujagusa hata kimoja.

ILUNGA: Sema maji, haraka.

CLARISSE: Baridi hii ua linakunywa kidogo. Ingiza kidole kwenye udongo. Kikikuta unyevu, usimwagilie, mizizi inaoza. Vumbi na mbolea ni—

ILUNGA: Wiki ijayo. Mubakie salama.