Sahani Isiyorudi Tupu: Mhadhara juu ya Furaha Ndogo za Nyumbani na za Ujirani

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa mtaa, wazee, akina mama, vijana, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu jioni hii mkaja kutusikiliza: nawasalimu.

Nimeombwa nizungumze juu ya furaha inayopatikana katika mambo madogo ya kila siku, nyumbani kwetu na kwa majirani zetu. Niseme mapema kwamba mada hii huharibika kwa urahisi mikononi mwa msemaji. Mtu anaweza kusimama mbele ya wazazi wanaowaza ada ya shule na bei ya gunia la mkaa, akawahimiza watazame jua likizama ziwani, wavute pumzi na kusahau shida. Sikuja kuwahimiza msahau shida. Nimekuja kutetea jambo moja: kwamba furaha ndogo haikai ndani ya kitu chenyewe, kiwe chai, samaki au upepo wa jioni, bali huzaliwa pale kitu hicho kinapopita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na kwamba sisi wakazi wa Mwanza tumerithi njia nyingi za kupitishiana vitu hivyo, ambazo tukizembea zitakatika pasipo mtu kutangaza kuwa zimekatika.

Tuanze na sahani. Katika mitaa yetu ya vilimani, kama Igogo na Mabatini, nyumba zimepandana juu ya mawe kiasi kwamba uwanja wa nyumba ya juu unatazamana na bati la nyumba ya chini. Mahali pengi gari halifiki, na kwa hiyo saruji, kitanda, dumu la maji na hata jeneza hupanda kwa mabega ya watu. Katika ujenzi wa namna hii kitunguu kinachokaangwa hakiwezi kuwa siri ya nyumba moja. Jirani yangu wa juu akikaanga mapanki, yaani vile viunzi vya sangara vinavyobaki baada ya viwanda kuondoa minofu ya kuuza nje ya nchi, nyumba yangu inajua kabla mafuta hayajatulia. Wapo wanaoilalamikia biashara hiyo kwa haki, wakiuliza kwa nini nyama ipande ndege na sisi tubakiwe na mifupa. Lakini pezi lililokaangwa mpaka likakauka, likanyunyiziwa chumvi na ndimu, ni habari nyingine, nami sitaliunganisha na malalamiko hayo.

Basi jirani huyo hupakua vipande kadhaa kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, akaifunika kwa sahani nyingine na kumtuma mtoto. Mtoto hushuka ngazi za mawe akiwa ameikumbatia sahani kwa mikono miwili, huku macho yake yakiwa kwenye miguu, kisha husimama mlangoni na kupiga hodi kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Ujumbe wake huwa uleule: "Shikamoo. Mama amesema muonje." Hasemi kwamba tumeletewa chakula, kwa sababu anayeletewa chakula huonekana hana chakula, tunaambiwa tuonje tu, na heshima ya nyumba inabaki palepale.

Sasa tazameni kinachofuata, kwa maana hapo ndipo penye elimu. Sahani ile haioshwi na kurudishwa jioni hiyohiyo. Kuirudisha tupu ni aibu, nako kuijaza papo hapo ni sawa na kulipa deni dukani: unahesabu, unapokea chenji, unaondoka. Sahani hukaa kwetu juu ya kabati mpaka siku tutakapopata cha kuweka ndani yake, pengine michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyoletwa na shangazi kutoka Magu, pengine embe za msimu, pengine maandazi ya Jumapili. Siku zote hizo kuna jambo linaloning'inia kati ya nyumba mbili, na jambo hilo hutufanya tutazamane kwa uso wa bashasha tunapokutana kwenye bomba la maji. Ukimlipa jirani yako sawasawa na kwa haraka, mmemalizana. Wahenga wetu waliosema kwamba mkono mtupu haulambwi walikuwa na ukali wao, lakini nadhani walilijua na hili, kwamba mkono ukiwa na kitu kidogo tu hutosha kuurudisha mkono wa mwenzako.

Nimetaja ulipaji kwa sababu wapo watu wanaoamini kwamba kikwazo cha furaha ndogo ni ukata, na kwamba tukizipata zile kubwa hizi ndogo zitafuata zenyewe. Mwaka 1978 watafiti watatu nchini Marekani, akiwemo Philip Brickman, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakiwalinganisha na watu wengine wasioshinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa tofauti ya maana. Zaidi ya hapo, walipoulizwa juu ya mambo ya kawaida kama kupata kifungua kinywa, kuzungumza na rafiki au kusikia utani unaochekesha, walisema yanawapa raha pungufu kuliko walivyosema wale wasioshinda. Kundi lilikuwa dogo, na sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba sayansi imeusifu umaskini, kwa kuwa haijausifu. Mtoto asiye na dawa hafurahishwi na sahani ya jirani. Ninachokichukua ni kwamba fedha nyingi inaweza kununua karibu kila kitu cha mezani na bado chai ya asubuhi ikapoa ladha, kwa kuwa hakuna anayeisubiri tena.

Utafiti wa pili unanigusa zaidi. Mwaka 2004 Shelly Gable na wenzake walionyesha kwamba mtu anapomsimulia mwenzake jambo jema lililompata siku hiyo, raha yake huongezeka kupita ile iliyoletwa na jambo lenyewe, na kwamba mengi hutegemea jinsi msikilizaji anavyolipokea. Akilipokea kwa uchangamfu, akauliza na kudadisi, jambo hukua; akiitikia "sawa" huku macho yake yakiwa kwenye simu, jambo hufa. Hapa ndipo ninapowageukia akina baba wenzangu. Mtoto anarudi kutoka shuleni na kusema kwamba leo mwalimu amemchagua kufuta ubao. Kwetu hiyo si habari, kwake ni cheo. Muulizeni alifuta kuanzia juu au chini, vumbi lilimwangukia nani, na wenzake walisema nini. Mazungumzo ya namna hiyo hayagharimu hata dakika tano, nayo hubaki katika nyumba kwa muda mrefu kuliko zawadi zinazonunuliwa kwa kulipia udhuru wa kutokuwepo.

Niende kwenye mawe, maana nisipoyataja hamtaniamini kwamba mimi ni mtu wa hapa. Wageni hulipiga picha Jiwe la Bismarck, nalo linastahili. Mimi nataka kuyasifu yale yasiyo na jina, yaliyo nyuma ya vyoo vyetu na kando ya vichochoro. Mawe haya ya matale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na katika umri wote huo hakuna aliyepewa hati ya kuyamiliki peke yake. Mchana huanikwa nguo, dagaa na michembe. Watoto huserereka juu yake mpaka makalio ya kaptula yanatoboka. Jioni huwa baraza. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari, hivyo hewa hupoa mapema jua linapozama, ilhali jiwe lililokunywa jua kutwa nzima hubaki na joto lake mpaka usiku. Mtu hukaa, mgongo unapata joto na uso unapata ubaridi, na pembeni yake yuko jirani ambaye hakualikwa wala hakubisha hodi, kwa kuwa jiwe halina mlango. Naona hii ndiyo tofauti kubwa kati ya jiwe na sebule: sebuleni lazima uwe na sababu ya kwenda.

Kutoka juu ya mawe hayo, usiku wa giza, huonekana taa za wavuvi wa dagaa zilizotanda ziwani. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi zinatumia sola. Dagaa hufuata mwanga, na ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu ya kuwakusanya, na wavuvi hupumzika. Katika kaya za wavuvi, Kayenze, Igombe na visiwani Ukerewe, mwezi mpevu una maana ambayo mtu wa ofisini haijui: baba yuko nyumbani usiku. Bei ya dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba inaweza kupanda na fedha ikapungua, na wapo wanaozimalizia siku hizo kilabuni, sitaficha. Lakini wapo pia wanaoketi uani wakishona nyavu chini ya mwanga uleule uliowarudisha nchi kavu, watoto wakiwashikilia ncha ya kamba na kuuliza maswali ambayo kwa majuma mawili hayakuwa na wa kuyajibu. Kalenda hiyo ya mapumziko hawakupangiwa na mtu, nao wanaoitumia vizuri huingoja kama watu wengine wanavyoingoja sikukuu.

Kuhusu Mwaloni nina neno moja. Mnajua kwamba ukinunua kisado cha dagaa, muuzaji hufikisha kipimo, kisha mnatazamana, kisha huchota ukufi mmoja na kuongeza juu. Nyongeza hiyo haibadilishi bajeti ya nyumba yoyote. Hata hivyo mteja asiyeongezewa huondoka na kinyongo, na aliyeongezewa hutembea mpaka kituo cha daladala akiwa mwepesi. Mwaka 2014 Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti uliofanyika Kanada, ambamo wanunuzi wa kahawa walioombwa kumsalimu mhudumu, kumtazama na kuongea naye kidogo walitoka na furaha kuliko walioombwa kununua haraka na kuondoka. Mama muuza dagaa alilijua hilo bila dodoso.

Wala msidhani kwamba hayo ni ya sokoni tu. Wasukuma, wenyeji wa nchi hii, walilima mashamba kwa kusaidiana, vijana wakiongozwa na nsumba ntale, yaani mkuu wao, na majembe yakifuata mapigo ya ngoma. Ngoma ya bugobogobo tunayoishangilia leo, pamoja na jembe linalorushwa hewani, imetoka katika kazi hiyo. Ukitaka kuelewa jinsi jasho na furaha vilivyokaa pamoja, nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Utaona kwamba watu wale hawakungoja kazi iishe ndipo wafurahi.

Naona mzee mmoja anatabasamu, na nadhani najua anachowaza: mbona husemi habari za umbea? Kweli, ujirani una umbea. Una muziki wa usiku wa manane, una kuku wanaoparua bustani, na kwa sisi wa vilimani una maji machafu yanayoteremka kutoka juu na kuingia kwa wa chini, jambo linalohitaji mtaro na kikao cha mtaa, wala halimalizwi kwa maandazi. Lakini kuna kasoro kubwa zaidi ambayo husemwa kwa nadra. Sahani ninayoisifu hupikwa na mwanamke, huoshwa na mwanamke, na akikosa cha kuijazia ni yeye anayeona aibu. Mwanamume hupokea salamu za shukrani njiani. Nyumba inayotaka kuifaidi furaha hii igawane na kazi yake. Vijana wa kiume, kupondaponda kisamvu hakumpunguzii mtu urijali.

Nimalizie na wale mnaohamia Buswelu, Kiseke na Nyasaka. Mnajenga uzio na geti, na siwalaumu, kwani wezi wapo. Tatizo la geti ni kwamba linamtaka mgeni apige simu kwanza, na hakuna mtu anayepiga simu kusema ana mapanki manne. Kwa hiyo anzeni ninyi. Wekeni benchi la mbao nje ya uzio, upande wa barabara, chini ya mwembe kama upo, na muwe mnalikalia saa ile ambayo watu wanarudi kutoka kazini. Mtumeni mtoto, msiende wenyewe, kwa sababu mtu mzima akibisha hodi watu hujiuliza amekuja kudai nini. Pelekeni kitu kidogo kiasi kwamba anayepokea hatajisikia kulemewa, na sahani iwe ya kawaida, isije ikawafanya mhesabu siku. Kisha msiulize itarudi lini.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na yule mama wa mstari wa tatu ameinua mkono tangu nilipotaja umbea. Tumpe kipaza sauti, aanze yeye.